Kovu Lililohama Shavu

Pale hospitalini wanamwita Mama Faili, na yeye hakasiriki. Ni dada mkubwa wa mke wangu, kwa hiyo kwangu ni shemeji. Mwaka huu anatimiza miaka ishirini na saba kwenye masjala, kile chumba kirefu cha ghorofa ya chini chenye rafu zinazogusa dari na kidirisha kimoja cha kuwahudumia watu. Mgonjwa akifika na kadi iliyochakaa, namba imefutika, yeye humwuliza mambo mawili matatu: ulizaliwa mwaka gani, ulilazwa wodi ipi, siku ile nani alikuleta. Kisha huingia katikati ya rafu bila haraka na kutoka na faili lenyewe, si la jirani yake.

Jina hilo alilipata kwa kisa kimoja. Daktari alikuja na faili mkononi akilalamika kwamba ana mgonjwa wa ajabu: mwaka juzi alitolewa kidole tumbo, na wiki hii kipimo kinaonyesha kidole tumbo kipo palepale.

“Labda kimeota tena,” alisema karani mmoja, watu wakacheka.

Shemeji hakucheka. Alilifungua lile faili juu ya meza, akaanza kutenganisha karatasi moja moja, akiangalia mwandiko, rangi ya wino na matundu ya pini, hadi zikawa mafungu mawili.

“Mtu hawi wawili, daktari,” akasema. “Faili ndilo limechanganywa.”

Kumbe walikuwa watu wawili, mtu na binamu yake, majina yao karibu sawa. Tangu siku ile hiyo ndiyo kanuni ya masjala yote. Kabla hujashangaa, uliza kwanza: kurasa hizi hazijachanganywa? Swali hilo aliniuliza mimi pia, mara moja tu, mezani kwangu, nami nikamjibu uongo. Ndiyo maana naandika.

Mimi nilianza kwa kuuza karatasi chakavu za kufungia bidhaa. Nikapanda polepole hadi nikawa na mashine yangu ya kuchapa kadi na vitabu vya stakabadhi, na kwa kuwa mashine isiyofanya kazi ni samani tu, nikaanzisha jarida la katuni la kila mwezi. Shujaa wake aliitwa Kimbunga, anayekwenda kwa upepo. Adui yake aliitwa Bwana Kesho. Huyu alikuwa anasafiri katika wakati kama watu wengine wanavyopanda na kushuka ngazi. Alitoka kwenye siku ambazo hazijafika, akijua bunduki ya askari itakwama saa ngapi na mlinzi atapiga chafya dakika gani. Alikuwa na kovu shavu la kulia, saa mkono wa kushoto, koti la vifungo sita. Wasomaji walimpenda kuliko Kimbunga. Sikuwalaumu; Kimbunga alikuwa na kifua tu.

Mchoraji wangu alikuwa fundi kwelikweli, na fundi akiijua thamani yake ni kazi. Tulipofika toleo la kumi na mbili akataka awe mwenzangu katika jarida. Nikambana, nikidhani atalegea kama wanavyolegea wote. Hakulegea. Alizifunga kalamu zake ndani ya kitambaa akaniambia, “Haya, bosi, chora mwenyewe,” akaondoka.

Sikuwa na mkono wa kuchora hata kikombe. Lakini nilikuwa na filamu za matoleo kumi na mawili, yale karatasi ya plastiki angavu yenye michoro tunayochapia, na mkasi, wembe na gundi. Nikaketi mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, nikakata Bwana Kesho wa zamani, nikambandika kwenye mtaa wa zamani, nikafuta maneno na kuandika mengine. Likatoka toleo la kumi na tatu. Hakuna aliyestuka. Nikatoa la kumi na nne.

Ukiwa na picha ya mtu anayetazama dirishani nawe unamtaka atazame mlangoni, unaigeuza ile filamu, mgongo wake unakuwa uso. Mtu anageuka, na kila alicho nacho kinageuka naye: kovu linahama shavu, saa inahama mkono, vifungo vinahamia upande wa pili wa koti. Kwa kawaida nilikuwa nalikwangua kovu kwa wembe na kulichora upya mahali pake. Ni mstari mmoja, hata mimi naliweza. Hayo mengine nilikuwa nayakwepa kwa kuchagua picha za mbali. Watu wote, mke wangu akiwemo, niliwaambia mchoraji anafanyia kazi kwake na hapendi kusumbuliwa.

Barua za wasomaji zilipoanza kuuliza, nilikuwa na jibu moja la kila ugonjwa: Bwana Kesho ni msafiri wa wakati, mnayemwona leo huenda ni yule wa mwaka ujao. Sijapata kuuza bidhaa rahisi kama hiyo. Kosa lolote ukimtwika msafiri wa wakati, analibeba.

Shemeji alikuwa anakuja kwetu Jumapili. Akisubiri chakula, alikuwa anasoma chochote kilicho karibu, hata karatasi ya maelekezo ya pasi. Hivyo ndivyo alivyoyapata majarida yangu. Jumapili moja aliyapanga matatu mezani, kando ya sahani.

“Shemeji, huyu mtu wako toleo la tisa alikatwa kidole na mlango wa chuma. Kidole kidogo, mkono wa kushoto.”

“Ndiyo.”

“La kumi na nne anacho. Anajikunia sikio.”

“Msafiri wa wakati huyo, shemeji.”

“Nimesikia. Nakuuliza jambo moja, halafu sikusumbui tena. Kurasa hizi hazijachanganywa? Hakuna picha ya zamani iliyoingia penye mpya?”

Mke wangu alikuwa anagawa chakula. Ingenitosha kusema zimechanganywa, mchoraji kaniacha. Angenicheka hadi bakuli lianguke, na mambo yangeishia hapo. Badala yake nilimjibu kwa sauti ileile ninayouzia daftari lililolowa maji na kukaushwa.

“Hakuna hata moja. Kila kitu kimepangwa.”

“Unaapa?”

“Naapa.”

“Basi sawa,” akasema, akavuta sahani yake. “Kama faili liko sawa, mgonjwa ndiye wa kuchunguzwa.”

Akanunua daftari kubwa la jalada gumu, akaanza. Kila ukurasa aliugawa safu mbili. Safu ya kwanza, mambo ya Bwana Kesho kama sisi tunavyoyasoma, toleo baada ya toleo. Safu ya pili, mambo hayohayo kama yeye mwenyewe alivyoyaishi. Maana sisi tunamsoma kwa miezi yetu, alisema, lakini mtu huyu ana miezi yake. Kidole kimekatwa la tisa na kipo la kumi na nne? Basi la kumi na nne lilimpata kabla ya la tisa. Anajitambulisha kwa Kimbunga toleo la kumi na saba kana kwamba hawajaonana? Hawajaonana, Kimbunga ndiye anayemjua, yeye bado. Kila Jumapili alikuwa ananisomea, na mimi natingisha kichwa kama mwalimu.

Kuna kona ya duka la viatu niliyoibandika mara kumi na tisa, kwa sababu ndiyo mandhari pekee iliyokuwa na nafasi ya kutosha kuweka maneno. Shemeji akazihesabu zote.

“Mtu hapiti mahali pamoja mara kumi na tisa bure,” akaniambia. “Kuna mtu alimwacha pale anamsubiri, na kila safari anaikosa ile siku. Ujambazi wote huu ni njia tu. Anatafuta ile siku.”

Nilikuwa sijui nitalimalizaje jarida. Toleo la arobaini, la mwisho, nikaliandika hivyohivyo alivyosema: kona, duka la viatu, dada yake Bwana Kesho amesimama anasubiri. Chini nikaandika, kwa herufi nene, “Kama ilivyopangwa tangu toleo la kwanza.” Shemeji alilisoma akiwa amekaa kwenye kochi langu. Alipomaliza alivua miwani.

“Nilijua,” akasema. “Nilijua hapiti pale bure.”

Kesho yake alilipeleka masjala akawasomea wenzake wakati wa mapumziko. Karani yule wa utani aliniambia baadaye kwamba hawajawahi kumwona anajisifu, isipokuwa siku ile. Mimi nilifurahi kwamba akiba yangu yote ya karatasi imeisha.

Jarida likafa, daftari halikufa. Lilibaki toleo moja ambalo halikuingia popote, la thelathini na moja. Mle Bwana Kesho anasimama karibu kabisa, uso mzima na mikono miwili, na kovu liko shavu la kushoto. Kidole kilichokatika ni cha mkono wa kulia. Saa iko mkono wa kulia. Nilikuwa na haraka siku ile, mashine imeshawashwa, wembe sikuugusa. Alilijaribu kwa mwaka, kwa miwili, kwa tisa. Sikulitilia maanani. Niliona ni kama watu wanaojaza mafumbo ya magazeti, kila mtu na starehe yake.

Mwezi uliopita, tukiwa tunakula, mke wangu akasema, “Dada anakataa ile kazi.”

Kazi yenyewe nilikuwa naijua. Hospitali inahamia jengo jipya, na mafaili elfu arobaini yanatakiwa kuhamishwa bila hata moja kupotea. Yeye ndiye aliyechaguliwa kusimamia. Ni kazi aliyoisubiri tangu akiwa karani wa kufungua dirisha.

“Anakataa kwa nini?”

“Anasema kichwa chake kimeanza kama cha mama. Ameshaandika barua, Ijumaa anaipeleka.”

Mama mkwe wangu alipoanza kupoteza kumbukumbu, alianza na kulia na kushoto. Alikuwa anavaa viatu miguu isiyo yake, anakuambia pita kushoto huku anaonyesha kulia. Baada ya miaka miwili hakumjua mtu.

“Kisa nini?” nikauliza, na nilikuwa nishajua.

“Eti kuna picha kwenye lile jarida lako. Anasema ameitazama miaka tisa na hawezi tena kujua mkono upi ni upi. Anasema kama kichwa kinashindwa na kijarida cha katuni, kitawezaje mafaili ya wagonjwa? Mbona huli?”

Nilikula. Nilikula chote, ndiyo aibu yenyewe, kwa sababu kuacha chakula kungezua swali.

Alhamisi saa saba mchana nilikwenda masjala. Dirisha lilikuwa na kibao cha mapumziko. Akanifungulia mlango wa ubavuni. Mezani kwake kulikuwa na barua iliyopigwa chapa, bado haijasainiwa, na karibu yake lile daftari na rundo la majarida yangu arobaini, yamefungwa kwa utepe uleule wa kufungia mafaili.

“Karibu, shemeji. Mdogo wangu amekutuma?”

“Nimekuja kuhusu toleo la thelathini na moja.”

“Achana nalo. Limenionyesha nilipofika.” Akanyanyua mkono wa kulia, akautazama mbele na nyuma. “Juzi nilisimama mbele ya rafu nikajiuliza, hivi huu ni upi? Mimi! Nikasubiri jibu kama mgeni.”

Nikatoa filamu kwenye bahasha. Nilikuwa nimeitafuta stoo asubuhi nzima. Na hapo, hata hapo, nilianza kama ninavyoanza siku zote: unataja kidogo kwanza, uone mtu atakubali.

“Picha ile iligeuzwa, shemeji. Kosa la kiwandani. Mara moja tu, hiyo moja.”

“Iligeuzwaje?”

Nikamwonyesha. Nikaishika filamu mbele ya dirisha, Bwana Kesho anatazama mlangoni. Nikaigeuza, anatazama rafu, kovu limerudi shavu la kulia. Akaninyang'anya. Akaigeuza mwenyewe, akairudisha, akaigeuza tena. Kisha akauweka mkono wake wa kulia juu ya meza na kuubonyeza kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri.

“Kumbe ni huuhuu,” akasema.

Nikadhani biashara imekwisha. Nikaanza kunyanyuka.

“Kaa. Nani aliyeigeuza?”

“Mafundi.”

“Mafundi gani? Ulikuwa na mashine moja na wewe mwenyewe.” Alishafungua utepe. “Na kabla haijageuzwa, ilitoka wapi?”

Hakunisubiri nijibu. Alipekua la nane, la tisa, la kumi, akasimama kwenye la kumi na moja. Akaiweka filamu juu ya ukurasa. Ikakaa kama mfuniko juu ya chungu chake.

“Doa la wino hapa kisiginoni,” akasema polepole. “Ni lilelile.”

Saa nane ikagonga, watu wakaanza kujipanga nje. Yule karani wa utani akachungulia. “Mama, tufungue?”

“Fungua wewe. Mimi nina mgonjwa.”

Akayatandaza majarida yote mezani, na mengine sakafuni, akaanza kutenganisha kama alivyotenganisha karatasi za yule mtu na binamu yake. Doa la wino. Mkunjo wa koti. Kona ya duka la viatu. Sijapata kumwona mtu anafanya kazi kwa kasi ile bila kuonekana ana haraka. Ilipokaribia saa kumi alikuwa na mafungu mawili: kumi na mawili huku, ishirini na nane kule.

“Baada ya la kumi na mbili hakuna mchoro mpya hata mmoja.”

“Hakuna.”

“Mchoraji aliondoka.”

“Aliondoka.”

“Na mimi nilikuuliza.”

“Uliniuliza.”

“Ukaapa. Chakula kiko mezani.”

Nimetukanwa na watu wengi katika biashara, na matusi huwa nayapima tu kama nipunguze bei au nisipunguze. Yeye hakutukana. Alinitazama kama anavyotazama kadi ambayo namba yake haisomeki. Nikatafuta kitu cha kutoa.

“Shemeji, daftari lako nitalichapa. Jalada gumu, jina lako mbele. Bure kabisa.”

“Litaitwaje? Maisha ya Mkasi na Gundi?” Akatikisa kichwa. “Bado unauza tu, shemeji. Huchoki?”

Akaivuta barua yake ya kukataa kazi. Nilidhani ataichana, lakini masjala hawachani kitu. Alipiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona, akaandika “Imebatilishwa”, tarehe, saini, akaiweka kwenye faili lake mwenyewe. Kisha akalifungua daftari na kunisogezea kalamu.

“Sisi hatufuti. Kosa linapigwa mstari mmoja, lisomeke chini yake. Pembeni linaandikwa lililo sahihi. Aliyekosea anasaini.”

Yalikuwa maelezo sitini na matatu. Alikuwa ananisomea moja, ananiambia picha imetoka toleo gani, naandika, nasaini. Nilipofika la kumi nikajaribu: “Hayo mengine siwezi kuyasaini kwa pamoja, mstari mmoja mrefu?”

“Huwezi. Endelea. Toleo la ishirini na mbili. Pete aliyoiyeyusha ipo kidoleni. Maelezo: hajaiyeyusha bado, lakini anajua ataiyeyusha, ndiyo maana haitazami.”

Ile picha niliichukua kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Hakuna aliyekuwa hatazami pete. Ni yeye aliyekaa na mtu wangu wa gundi hadi akamwona anakwepa kuitazama pete yake, na mimi siku ile nilikuwa nafikiria wino utatosha au hautatosha. Nikaandika, “Picha ya toleo la nne, kurasa zimechanganywa.” Nikasaini. Kwenye dirisha yule karani alikuwa anamwuliza bibi mmoja alizaliwa mwaka gani, na bibi anasema mwanangu, mwaka wa njaa.

Tulipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza kabisa, ambao sikuwahi kuuona. Juu, peke yake, ilikuwa imeandikwa: “Kurasa hazijachanganywa. Chanzo: shemeji, kwa kiapo.”

Nikapeleka kalamu. Akalivuta daftari.

“Hii si yako.”

“Shemeji, huo ni uongo wangu.”

“Uongo ni wako. Kosa ni langu. Miaka yote nawafundisha makarani: faili halithibitishwi na jamaa ya mgonjwa, linafunguliwa. Majarida yalikuwa mezani palepale. Sikuyafungua kwa sababu ni wewe.”

Akapiga mstari wake mmoja na kusaini. Nilimwomba tusaini wote wawili. Nilimbembeleza kweli, kuliko nilivyowahi kubembeleza bei yoyote. Akasema nafasi ni ya saini moja, akalifunga daftari, akaenda dirishani kumtafutia yule bibi faili lake.

Mafaili yalihamishwa wiki iliyopita, elfu arobaini na mia tatu, na halikupotea hata moja. Mke wangu siku hizi ananiita Bwana Kesho, hasa nikiahidi kitu mbele za watu. Shemeji bado anakuja Jumapili. Ananyoosha mkono kuelekea chupa ya chumvi na kuniuliza, uso mkavu kabisa, “Hii haijachanganywa na sukari?”

Simjibu. Nafungua kifuniko, nasogeza chupa, aonje mwenyewe. Naye huwa anaonja.